Nani Alilipia Kalamu? Ufadhili wa Wanafunzi Waandishi katika Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Tanganyika

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuichambua fasihi huweza, kwa juhudi na kwa bahati, kumpata mfadhili. Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuitunga fasihi yenyewe aghalabu hana mlango wa kubisha. Hali hiyo inafahamika katika vyuo vyetu vyote, lakini ni mahali pachache inapojitokeza waziwazi kama Uvira na vijiji vya mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Hapo Kiswahili kimekuwa lugha ya soko, ya bandari na ya ibada tangu karne ya 19, wafanyabiashara wa Ujiji walipokuwa wakivuka ziwa. Pamoja na hayo, ni vigumu kumtaja mtunzi wa riwaya au tamthilia ya Kiswahili aliyelipiwa masomo ya juu ili aandike kwa lugha hiyo.

Makala hii inakusudia kufuatilia historia ya fedha za masomo katika eneo hilo na kuuliza maswali mawili. Kwanza, nani alilipa, na alikuwa akinunua nini? Pili, pale ambapo mwandishi alijitokeza, alijitokeza kwa fedha gani? Hoja yetu ni kwamba fedha hazikukosekana kabisa kama inavyodhaniwa. Zilikuwapo katika vipindi vingi, na mara kadhaa zilizaa waandishi bila kukusudia. Kilichokosekana ni idara ya chuo iliyokubali kwamba kazi ya kubuni kwa Kiswahili ni kazi halali ya mwanafunzi anayelipiwa.

Kabla ya kuendelea, inafaa tukumbuke kwamba hata duniani utaratibu huu ni mchanga. Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ndicho kilichotangaza mwaka 1922 kwamba kazi ya kubuni ingeweza kuwasilishwa badala ya tasnifu ya kawaida, na mwaka 1936 kikaanzisha warsha yake maarufu ya waandishi. Ufadhili wa wanafunzi wa aina hiyo nchini Marekani kwa kiasi kikubwa umetokana na kufundisha: mwanafunzi hufundisha madarasa ya shahada ya kwanza, naye hupewa posho na kusamehewa karo. Kwa hiyo mlipaji hakuwa ananunua riwaya. Alikuwa ananunua ufundishaji, na riwaya iliandikwa katika saa zilizobaki. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa kuwa tutalikuta tena mbele.

2.0 Fedha za misheni

Wamisionari wa Afrika, waliojulikana zaidi kwa jina la Mapadri Weupe, walifika Ujiji mwaka 1879. Mwaka 1883 walianzisha kituo cha Kibanga kwenye pwani ya magharibi, katika eneo ambalo leo ni Fizi, kusini ya Uvira. Kazi yao ya mwanzo ilikuwa kuwakomboa watoto waliokuwa wakiuzwa utumwani na kuwalea misheni. Fedha za ukombozi huo zilichangwa na waumini wa Ulaya. Huo ndio ufadhili wa kwanza wa masomo tunaoweza kuuita kwa jina hilo katika mwambao huu, na masharti yake yalikuwa wazi: mchangiaji alitaka roho iokolewe, na misheni ilitaka Mkristo atakayewavuta wengine.

Mfano unaojulikana zaidi wa mtu aliyefika ziwani kwa fedha za namna hiyo ni Adrien Atiman. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, akakombolewa na wamisionari kaskazini mwa bara, kisha akasomeshwa udaktari katika kisiwa cha Malta miaka ya 1880. Mwishoni mwa muongo huo aliletwa Karema, pwani ya mashariki ya ziwa, akatibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Historia ya maisha yake aliyoieleza mwenyewe ilichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Wakati huo alikwisha kufanya kazi kwa zaidi ya nusu karne. Aliyelipia masomo yake alitaka tabibu, naye alimpata. Maandishi yalikuja mwishoni, deni lilipokwisha kulipwa.

Mfano wa pili unatugusa zaidi. Misheni ya Kibanga haikudumu. Shughuli zilihamia kusini, Mpala, na tangu mwaka 1893 Baudouinville, mahali panapoitwa leo Kirungu, karibu na Moba. Huko ndiko alikosoma Stefano Kaoze. Alipadrishwa mwaka 1917, akawa padri wa kwanza Mkongo wa enzi ya ukoloni. Lakini miaka kadhaa kabla ya hapo, akiwa bado mseminari, insha yake juu ya saikolojia ya Wabantu ilichapishwa Ubelgiji kwa mfululizo, mwaka 1910 na 1911. Wanahistoria wengi wa fasihi ya Kongo huihesabu kuwa andiko la kwanza la Mkongo kwa Kifaransa.

Tukimtazama Kaoze kwa macho ya leo, tunaona mwanafunzi wa masomo ya juu anayelishwa, anayelazwa na anayefundishwa kwa gharama ya taasisi, na ambaye katika muda huo anaandika. Hakulipwa aandike, ila alipewa muda, vitabu na msomaji. Na msomaji huyo ndiye aliyeamua lugha. Kiswahili kilikuwa lugha mojawapo ya misheni, ya katekisimu na ya mahubiri, lakini jarida lililokuwa tayari kumchapa lilikuwa Ubelgiji. Kaoze aliandika kwa Kifaransa kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na ukurasa uliomngoja.

3.0 Fedha za utafiti: samaki na masimulizi

Baada ya Vita Kuu ya Pili fedha za aina nyingine ziliingia ziwani. Mwaka 1946 na 1947 msafara wa wataalamu wa Ubelgiji ulichunguza viumbe wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1947 ilianzishwa taasisi ya utafiti wa kisayansi ya Afrika ya Kati, IRSAC, ambayo makao yake makuu yalijengwa Lwiro, karibu na Bukavu, na ambayo iliweka kituo cha utafiti wa maji na samaki mjini Uvira. Kituo hicho, ambacho siku hizi huitwa Kituo cha Utafiti wa Haidrobiolojia, kimeendelea kuvuta wafadhili kila utulivu uliporudi. Mwaka 1992 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianzisha kwa fedha za Finland mradi wa utafiti wa ziwa zima, na Uvira ikawa miongoni mwa vituo vyake. Tangu mwaka 1995 hadi 2000 mradi mwingine wa kimataifa ulishughulikia uhai-anuwai wa ziwa hilohilo.

Hatusemi haya kwa kijicho. Ndagala na mikeke ni chakula cha mamilioni ya watu, na elimu juu yao ni elimu yenye haki yake. Tunachotaka msomaji akione ni kwamba hoja ya umbali haina nguvu. Mara nyingi husemwa kwamba Uvira iko mbali mno na miji mikuu kuweza kupata ufadhili wa kitaaluma. Lakini mji huohuo umepata vyombo vya maabara na wageni watafiti kwa zaidi ya nusu karne. Samaki walimpata mtu wa kuwaombea fedha. Maneno ambayo mvuvi huyatumia kuwataja samaki hao, pepo zao na misimu yao hayajampata.

IRSAC ililipia pia utafiti wa binadamu. Mwanaanthropolojia Mbelgiji Daniel Biebuyck alifanya kazi chini yake miongoni mwa Wabembe wa magharibi ya ziwa, Walega na Wanyanga. Mwaka 1956, kaskazini zaidi, katika nchi ya Wanyanga huko Walikale, bingwa wa masimulizi Candi Rureke aliisimulia, akaiimba na kuicheza tendi ya Mwindo kwa siku 12 mbele ya Biebuyck na wasaidizi wake Wanyanga. Mmoja wa wasomi Wanyanga walioifanyia kazi tendi hiyo, Kahombo Mateene, jina lake lilitokea pamoja na la Biebuyck kwenye jalada la kitabu kilichochapishwa California mwaka 1969. Mateene baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala.

Kisa hiki kina heshima yake, na kina funzo. Fedha zilizotengwa kwa ajili ya elimu ya jamii ziliokoa moja ya tendi mashuhuri za bara zima. Lakini katika hesabu za ufadhili Rureke alikuwa chanzo cha maarifa, na lugha zilizochapishwa zilikuwa Kinyanga kama data na Kiingereza kama tafsiri. Taasisi ilikuwa na nafasi ya mchunguzi na ya msaidizi wake. Nafasi ya mtunzi haikuwamo.

4.0 Fedha za dola

Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960 ilikuwa na wahitimu wa vyuo vikuu wachache mno. Hesabu za kawaida huwataja wasiozidi 30. Vyuo viwili vilikuwa vimeanza karibuni: Lovanium, nje ya mji ambao leo ni Kinshasa, mwaka 1954, na Chuo Kikuu cha serikali cha Elisabethville, leo Lubumbashi, mwaka 1956. Dola changa ilihitaji maofisa, mahakimu na walimu kwa haraka, nayo ikatoa posho za masomo. Posho hizo zilikuwa fedha za kweli, na zilihesabiwa kuwa haki. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium walipoandamana, nyongeza ya posho ikiwa miongoni mwa madai yao, askari waliwafyatulia risasi na kuua makumi. Miaka miwili baadaye, Juni 1971, kumbukumbu ya siku hiyo ilisababisha wanafunzi wa chuo hicho kuingizwa jeshini kwa lazima. Hapana shaka kwamba katika historia ya eneo letu ni mara chache suala la ufadhili wa wanafunzi limegharimu damu nyingi namna hiyo.

Katika mwaka huo wa 1971 vyuo vyote viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na Kitivo cha Fasihi kikakusanywa Lubumbashi. Kijana wa Uvira aliyetaka kufika huko kwa njia ya maji na reli alipanda meli bandari ya Kalundu, akashukia Kalemie, kisha akachukua treni kupitia Kabalo na Kamina. Alikuwa akitoka mji unaosema Kiswahili na kwenda mji mwingine unaosema Kiswahili. Lakini alipoingia darasani alikuta fasihi ikifundishwa kwa Kifaransa, huku Kiswahili kikichunguzwa na wanaisimu kama lugha ya kuelezwa.

Hapa ndipo ulinganisho na ng'ambo ya ziwa unapokuwa na manufaa. Tuchukue waandishi wawili wa kizazi kimoja. V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941, alikuwa mwalimu wa Kitivo cha Fasihi Lubumbashi alipochapisha Paris mwaka 1973 riwaya yake ya kwanza, Entre les eaux. Euphrase Kezilahabi alipata shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, mwaka huohuo Idara ya Kiswahili ilipoanzishwa, na baadaye akarudi chuoni hapo kufundisha. Alipata shahada ya uzamili mwaka 1976 na ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985. Katika miaka ya masomo na ufundishaji wake wa mwanzo alichapisha Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), diwani ya Kichomi (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979).

Wote wawili walilipwa mshahara na dola kupitia chuo kikuu. Hakuna aliyelipwa ili aandike riwaya, na wote waliandika. Wote waliishi katika miji ambamo Kiswahili husikika kila pembe. Tofauti iko katika taasisi zilizowazunguka. Dar es Salaam ilikuwa na idara iliyofundisha fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili, wanafunzi waliosoma riwaya hizo kama masomo, na mchapishaji wa umma, East African Literature Bureau, aliyeitoa Rosa Mistika. Lubumbashi ilikuwa na wataalamu hodari, lakini njia kutoka meza ya mwandishi hadi kwa msomaji ilipitia Paris. Fedha zilifanana. Lugha ya idara ndiyo iliyoamua lugha ya riwaya.

Huenda mtu akauliza: je, anayelipwa na dola hataandika yale yanayopendwa na dola? Hofu hiyo ina msingi, hasa tukikumbuka Zaire ya chama kimoja. Lakini Rosa Mistika yenyewe inatoa sehemu ya jibu. Mwandishi wake alikuja kulipwa na chuo cha serikali, na bado riwaya hiyo ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda. Mshahara ulilipia ufundishaji, na kwa hiyo haukuweza kudai umiliki wa maudhui. Ufadhili unaolipia muda humwachia mwandishi uhuru mkubwa kuliko ufadhili unaoagiza kitabu.

5.0 Kukauka kwa chemchemi

Posho ya dola ya Zaire haikufutwa kwa siku moja. Iliyeyuka. Masharti ya taasisi za fedha za kimataifa katika miaka ya 1980 yalipunguza matumizi ya elimu ya juu, kisha mfumuko wa bei ukamaliza yaliyosalia. Mwaka 1993 serikali ilipotoa fedha mpya, zaire mpya 1 ilibadilishwa kwa zaire za zamani 3,000,000. Mzigo wa kuwalipa walimu ulihamia mabegani mwa wazazi, na minervali, kama karo inavyoitwa huko, ikawa neno la kila nyumba. Mzazi anayeuza ndagala ili mwanawe asome hawezi kulaumiwa akimtaka asomee udaktari au uhasibu. Kuanzia hapo mfadhili mkuu wa elimu ya Uvira amekuwa familia, na familia haina uwezo wa kulipia muda mtupu.

Vita vikafuata. Uvira ilitekwa Oktoba 1996, na maelfu ya watu wa Kivu ya Kusini wakavuka ziwa kwenda Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huohuo. Humo watoto wa Kikongo walisoma kwa mtaala wa Kongo na kwa Kifaransa, ilhali nje ya kambi shule za msingi za Tanzania zilifundisha kwa Kiswahili. Sababu ilikuwa ya busara: vyeti vyao vilipaswa kutambuliwa watakaporudi nyumbani. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba kizazi kizima kiliishi Tanzania bila kuufaidi utamaduni wa kuandika fasihi kwa Kiswahili uliokuwa umbali wa mwendo mfupi.

Waliomiliki Kiswahili na kalamu walipata ajira kwingine. Mashirika ya misaada yalihitaji waandika ripoti na wakalimani. Redio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002 kwa ushirikiano wa Umoja wa Mataifa na shirika la Hirondelle la Uswisi, ilitangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo. Hiyo ni kazi ya heshima, na huenda ndiyo iliyolipa wajuzi wa Kiswahili wengi zaidi mashariki ya Kongo kuliko idara yoyote. Lakini habari huisha jioni ya siku ile.

6.0 Tuzo na ufadhili

Katika miaka ya karibuni matumaini mengi yameelekezwa kwenye tuzo. Tuzo ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 ikiwa na jumla ya dola 15,000 za Marekani, imeifanyia lugha yetu mema mengi. Hata hivyo, tuzo na ufadhili ni vitu viwili. Tuzo humlipa aliyekwisha kumaliza mswada. Ufadhili humlipa anayehitaji miezi 18 ili auanze na kuumaliza. Anayeishi karibu na mchapishaji, mhariri na mwalimu wa fasihi ya Kiswahili huweza kuifikia tuzo. Kijana wa Uvira hufika kwenye mashindano hayo akiwa nyuma kabla hajaandika neno.

Milango ya kisheria, kwa upande wake, imefunguka. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Mwaka 2022 nchi hiyo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ina Kamisheni ya Kiswahili mjini Zanzibar na Baraza la Vyuo Vikuu lenye makao Kampala. Baraza hilo limesimamia ufadhili wa shahada za uzamili kwa fedha za Ujerumani, lakini ufadhili huo ulielekezwa kwenye sayansi, teknolojia, hisabati, uhandisi na biashara. Tunarudi palepale: samaki wanaye mfadhili.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba misheni ililipia mitume, taasisi za utafiti zikalipia data, dola ikalipia maofisa na walimu, na familia inalipia ajira. Kila mlipaji alipata alichokitaka. Kaoze aliandika akiwa mseminari na Kezilahabi akiwa mwalimu na mwanafunzi. Wote waliandika katika muda ambao mtu mwingine alikuwa ameulipia kwa sababu nyingine. Historia hii haitudai hazina kubwa. Inatuelekeza kwenye mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa vyuo vyetu.

Kwanza, idara za Kiswahili zikubali kazi ya kubuni, ikiambatana na sura ya uhakiki, kuwa tasnifu ya uzamili. Uamuzi huo ni wa seneti ya chuo na hauhitaji mfadhili. Pili, nafasi za ualimu msaidizi zifunguliwe kwa watunzi kama zilivyo wazi kwa wahakiki, maana kufundisha ndiko kulikolipia riwaya nyingi za dunia. Tatu, katika makubaliano ya vyuo vya Jumuiya, nafasi chache zitengwe kwa wanafunzi wa Kongo ya mashariki katika idara za Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi na kwingineko, nao waruhusiwe kuandika kwa Kiswahili cha kwao pale mhusika anapokihitaji.

Sharti hili la mwisho lina uzito. Kiswahili cha Uvira kimechanganyika na Kivira, Kifuliiru, Kibembe na Kifaransa, na mitihani yetu imezoea kukihesabu kuwa makosa. Mwanafunzi tutakayemlipia nauli kutoka Kalundu, kisha tukamfuta maneno yake kwa wino mwekundu, atakuwa amefadhiliwa kama Kaoze alivyofadhiliwa: kwa ukarimu, na kwa lugha ya mwenyeji.